Mara Mbili za Katavi: Kijapani Kinavyotenganisha Maneno ya Hesabu

Mtu wa Sibwesa, wilayani Tanganyika, ukimwambia kwamba Katavi imehesabiwa mara mbili tangu iwe mkoa mwaka 2012, kisha ukaongeza kwamba watu wake sasa ni mara mbili ya wale wa sensa ya kwanza, atakuelewa papo hapo. Sensa ya 2012 ilipata watu 564,604. Ya 2022 ikapata 1,152,958. "Mara mbili" ya mwanzo inahesabu matukio, ya pili inapima ukubwa, na muktadha unatutosha.

Mjapani hapo ana maneno mawili. Sensa zilizofanyika ni nikai. Watu walioongezeka hadi kufikia kiwango hicho ni nibai. Sisi tuna "maradufu", lakini tukifika tatu au nne tunarudi kwenye "mara" ileile. Kwa hiyo anayejifunza ajiulize kwanza: kitu kimetokea tena, au kimekua? Mvua ikinyesha siku tatu tofauti, ni sankai. Mavuno ya gunia moja yakifika matatu, ni sanbai. Hata hivyo sikio peke yake halitoshi, kwa kuwa vikombe vitatu vya chai navyo huitwa sanbai. Kinachovitofautisha ni alama ya maandishi na sentensi yenyewe.

Neno "namba" nalo linahitaji kuchambuliwa hivyo hivyo. Chukua namba ya NIDA. Kwa Kijapani hiyo ni bangō: kazi yake ni kumtambulisha mtu, na ukiijumlisha na ya jirani hupati chochote chenye maana. Imeandikwa kwa sūji, yaani tarakimu. Tarakimu hizo ziko 20, nane za mwanzo zikionyesha mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukiuliza ziko ngapi, umeuliza kazu, idadi, ingawa wakitaja urefu wa namba Wajapani huhesabu keta, nafasi za tarakimu. Namba yao ya utambulisho, iliyoanza kutumika Januari 2016, ina keta 12. Kwetu redio na magazeti husema "namba ya wagonjwa" ilhali "idadi" ipo na inaeleweka kila kijiji. Naona tunapoteza neno zuri bure.

Lipo pia ryō, kiasi, na hili mkulima wa mahindi analijua kwa uchungu. Magunia kumi yakishindiliwa na kufungwa lumbesa, yanabaki kumi, na mnunuzi analipa ya kumi. Mahindi yaliyomo ndiyo yamezidi. Kazu haijabadilika, ryō imepanda, na tofauti hiyo imetoka mfukoni mwa mkulima. Kanuni za vipimo zinazokataza gunia la mazao kuzidi kilo 100 zinahusu ryō. Karani akiandika "magunia 10" kwenye daftari ameandika kazu sahihi kabisa. Ryō ataipata kwenye mizani.