Magofu ya Detroit na nyumba ya akina Turner

Kuna kitabu cha picha kinaitwa The Ruins of Detroit, cha Wafaransa wawili, Yves Marchand na Romain Meffre, kilichotoka 2010. Ni kizuri, sikatai. Kumbi za sinema zenye dari zilizobomoka, kiwanda cha magari cha Packard, stesheni ya Michigan Central ambayo treni yake ya mwisho iliondoka 1988. Unafunua kurasa, unashangaa, kisha unajiuliza: jamani, watu wako wapi?

Maana watu wapo. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na wakazi kama 1,850,000. Sensa ya 2010, mwaka uleule wa kitabu, ilihesabu 713,777. Anguko kubwa, sawa, lakini laki saba si mahame. Kiswahili kinatusaidia hapa: gofu ni jengo lililobaki kuta tu, mahame ni pale watu walipohama. Kitabu kinapiga picha magofu, halafu kinakuacha uamini umeona mahame.

Tena kuta hazisemi nani aliondoka kwanza. Wengi hudai mji uliharibiwa na ghasia za 1967. Packard ilishaacha kuunda magari pale 1956! Ajira zilihamia vitongoji vya nje, Wazungu wakazifuata, na Weusi wakazuiwa kununua nyumba huko. Hilo kamera hailioni.

Ndiyo maana napenda The Turner House, riwaya ya Angela Flournoy ya 2015. Watoto 13 wamelelewa katika nyumba moja ya Mtaa wa Yarrow, upande wa mashariki. Sasa ni 2008, mama mzee anaishi kwa mwanawe wa kwanza, Cha-Cha, na thamani ya nyumba imeshuka hadi sehemu moja ya kumi ya deni lake la benki. Iuzwe au isiuzwe? Ndugu hawaelewani. Wakati huohuo kitinda mimba, Lelah, aliyefukuzwa alikopanga, anaingia humo kimyakimya na kulala. Mpiga picha akipita nje ataona nyumba tupu. Ndani kuna mtu.

Na Flournoy hamwonei Lelah huruma ya bure. Kamari imemmaliza, pesa za watu anakopa, anadanganya. Kaka yake, dereva wa malori ya Chrysler, ana nyumba nzuri nje ya mji. Yaani umaskini haukuwaangukia sawa hata watoto wa tumbo moja, jambo ambalo maelezo ya jumla kuhusu “mji uliokufa” huliruka kabisa.

Sehemu za Cha-Cha na mtaalamu wake wa saikolojia zilinichosha kidogo. Mzimu anaoamini ulimtokea utotoni unatisha zaidi bila maelezo yote yale. Lakini mabishano ya ndugu kuhusu nyumba, hapo nilisoma hadi usiku wa manane. Kama unavyo vitabu vyote viwili, anza na riwaya, kisha ndiyo ufungue picha.