Mwanamke na Mimbari

Jumapili moja, katika kanisa dogo lililo chini ya Mlima Hanang, nilisikiliza mahubiri juu ya sura ya pili ya waraka wa kwanza kwa Timotheo. Mhubiri alikuwa mgeni, mtu wa makamo, msomi, mwenye sauti nzuri. Alisema kwamba mwanamke haruhusiwi kufundisha kanisani. Kwamba jambo hilo limekwisha kukatwa na Maandiko. Na kwamba hata mila zetu za Mbulu na Hanang zinathibitisha hivyo. Waumini waliitikia "Amina", nami niliitikia pamoja nao. Lakini mahubiri yale yalinifuata hadi nyumbani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikizipima hoja zake moja moja. Sina nia ya kumvunjia mtu heshima. Ila neno likishasemwa mimbarini haliishii pale. Linakwenda hadi majumbani mwa watu, na huko ndiko linakofanya kazi.

Kwanza, yapo mambo mawili ambayo mhubiri wetu aliyachanganya. Kufundisha ni jambo moja. Kubarikiwa uchungaji, au kupewa upadre, ni jambo jingine. Wakatoliki, ambao jimbo lao la Mbulu lipo tangu mwaka 1953, wametuonyesha tofauti hiyo waziwazi. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi, akaifungua kwa wanaume na wanawake. Msomaji anaweza kuikubali barua moja na kuikataa nyingine, lakini hawezi kusema kwamba ya pili imeivunja ya kwanza.

Kwa upande wa Walutheri, mkutano mkuu wa KKKT uliruhusu mwaka 1990 wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na utekelezaji ukaachiwa kila dayosisi. Dayosisi ya Mbulu iliendelea kwa miaka mingi bila kufanya hivyo. Jambo hilo lina historia yake. Sehemu kubwa ya kazi ya Kilutheri huku ilijengwa na misheni ya Kilutheri kutoka Norwei, na misheni hiyo haikukubali uchungaji wa wanawake hata baada ya kanisa la taifa la kwao kumbariki Ingrid Bjerkås mwaka 1961. Sisi tulikuwa wanafunzi wao, na mwanafunzi hushika alichofundishwa. Lakini misheni hiyohiyo, iliyoanzisha Hospitali ya Haydom mwaka 1955, ilituletea pia wanawake wengi, wauguzi na walimu, na midomo yao haikufungwa. Walifundisha Neno wodini, shuleni na chini ya miti. Kwa hiyo hata wale waliotupa katazo hawakulielewa kama alivyolieleza mhubiri wetu.

Sasa tuje kwenye Maandiko yenyewe. Ni kweli Paulo anaandika kwamba hampi mwanamke ruhusa ya kufundisha. Hilo halifichiki, na asiye mkweli ndiye atakayejaribu kulificha. Lakini mistari michache tu kabla ya hapo, mtume huyohuyo anawazuia wanawake kusuka nywele na kujipamba kwa dhahabu na lulu. Jumapili ile niliitazama kwaya iliyoimba kabla ya mahubiri. Nusu ya akina mama walikuwa wamesuka, tena vizuri, na mhubiri aliwasifu kwa uimbaji wao. Basi ni kwa kipimo gani mstari mmoja ni amri ya milele na mwingine ni desturi ya Efeso? Huenda kipimo kipo. Yeye hakututajia.

Yapo mengine ambayo hakuyagusa. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, Paulo anaeleza namna mwanamke anavyopaswa kuwa anaposali na kutoa unabii. Na hakuna mtu anayemwekea utaratibu wa kunena yule aliyemnyima kunena. Katika Matendo, sura ya 18, Prisila na mumewe Akila walimchukua Apolo, msemaji hodari aliyeyajua sana Maandiko, wakamweleza Njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hata Timotheo mwenyewe, aliyeandikiwa katazo hilo, imani yake Paulo anaitaja kuwa ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mtu aliyelelewa katika imani na wanawake wawili ndiye aliyepelekewa barua hii.

Nitakuwa mwizi wa haki nisipoitaja hoja yao iliyo nzito zaidi. Wanasema Paulo hakutoa sababu ya kienyeji, bali alirudi hadi kwenye uumbaji: Adamu aliumbwa kwanza. Hoja hii haipanguswi kwa mkono. Ninachoweza kusema ni kwamba Paulo huyohuyo, akiwaandikia Wakorintho, baada ya kusema mwanamke ametoka katika mwanamume, anaongeza kwamba mwanamume naye huzaliwa na mwanamke, na vyote vyatoka kwa Mungu. Anayekataa kwa sababu ya utii wa Neno namheshimu. Namwomba tu atii lote.

Hoja ya mila ndiyo iliyonishangaza kabisa. Mila zipi? Miaka ya 1950 mwanaanthropolojia wa Marekani, George Klima, aliishi na Wabarbaig wa Hanang, na mwaka 1970 akachapisha kitabu juu yao. Anaeleza baraza la wanawake, girgwageda gademg, lililokuwa na uwezo wa kumhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza fahali. Mwanamume alilipa. Na kwa Wairaqw, katika imani ya wazee wetu, Looaa aliye juu, mwenye wema, ni wa kike. Wanaoogopwa, wakaao katika chemchemi na mito, ni neetlangw wa kiume. Sisemi kanisa lifuate hayo. Nasema tu kwamba mtu akitaka kumnyamazisha mwanamke wa Hanang kwa jina la mila, akawaulize kwanza bibi zake.

Na mazoea yetu ya sasa yanasemaje? Ni nani anayefundisha shule ya Jumapili? Ni nani anayewashikisha watoto wa kipaimara Amri Kumi na maelezo yake? Ni nani anayeongoza sala katika jumuiya wanaume wakiwa mnadani? Ni nani anayemfundisha mjane kusali tena baada ya msiba? Mkristo wa kwetu husahau mahubiri kabla ya Jumatano, lakini wimbo wa kwaya huenda nao hadi kaburini, na kwaya zetu zimejaa akina mama. Mwanamke amekuwa akifundisha kanisani tangu kanisa lifike huku. Tunachobishania hasa ni mahali pa kusimama anapofundisha: benchi ni ruhusa, mimbari ni marufuku.

Hapa sina budi kusema langu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mzee wa kanisa katika usharika mmoja ambao sitautaja. Ilikuwa masika, mchungaji alikwama mtaa mwingine kwa ajili ya matope, na mwinjilisti alikuwa mgonjwa. Alikuwapo mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyesoma chuo cha Biblia na kuijua Katekismo Ndogo ya Luther kuliko sisi sote tuliokaa katika baraza. Mtu akapendekeza aongoze neno. Tukajadiliana muda mrefu, kisha tukapiga kura kwa mikono. Tukampa kazi hiyo kijana wa miaka ishirini, asome hotuba kutoka kitabuni. Mkono wangu ulikuwa kati ya iliyonyoshwa.

Kijana yule alisoma kwa kukwama. Kila aliposhindwa neno, mama yule, akiwa benchi la mbele, alimtajia kwa sauti ya chini, naye akaendelea. Ibada ilikwenda hivyo hadi mwisho. Waliokaa mbele walijua ni nani aliyehubiri siku ile.

Baada ya ibada nilimfuata nje, nikamwamkia, "Shikamoo, Mama Mwalimu." Akaitika. Nikaanza kueleza habari za utaratibu na kura. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Mwanangu, nilikufundisha Amri Kumi ukiwa na miaka saba. Siku ile sikuwa mwanamke?"

Sikuwa na jibu, na mhubiri wa juzi hakunipa. Mama yule amekwisha kufariki. Alipozikwa, tulisimama wanaume wanne kwa zamu kueleza jinsi alivyotufundisha imani, nasi tulisema pale mbele, mahali ambapo yeye hakupata kusimama hata siku moja. Nami nilikuwa mmoja wa hao wanne.

Basi ombi langu kwa mabaraza ya wazee ya Mbulu na Hanang ni dogo. Suala la uchungaji liachiwe mikutano na maaskofu, maana lina uzito wake na lina watu wake. Lakini Jumapili ambayo hakuna mchungaji, na yupo mwanamke anayelijua Neno kuliko wote waliohudhuria, msimtafute kijana wa kusoma kwa kukwama. Mwiteni huyo mama asimame mbele. Na aliye na Andiko la kumzuia alisome pale pale, lote, pamoja na ile mistari ya nywele na dhahabu.