Mpimaji wa Mimba Iliyo Nje ya Kizazi

Katika kila mimba mia, moja au mbili hutunga nje ya mji wa mimba. Karibu zote hukwama kwenye mirija ya uzazi, hasa sehemu yake pana iliyo jirani na ovari. Mrija haukuumbwa kubeba mimba. Wiki chache tu baada ya hedhi kukosekana unaweza kupasuka, na mama akavuja damu nyingi tumboni huku nje yakionekana matone tu. Kuiona mimba hiyo mapema ni kazi ya ultrasaundi ya nyonga, na sifa ya kazi hiyo ni ya mikono na macho ya mpimaji kabla ya kuwa ya mashine.

Ufundi huu ni mchanga. Mwaka 1883 Robert Lawson Tait wa Birmingham, Uingereza, alimwokoa mgonjwa kwa kuuondoa mrija uliopasuka, lakini kwa miongo mingi baadaye wagonjwa wengi waligunduliwa wakiwa tayari hoi. Mwaka 1958, Ian Donald, John MacVicar na mhandisi Tom Brown wa Glasgow walichapisha picha za tumbo zilizopatikana kwa mawimbi ya sauti, mbinu iliyokuwa ikitumika viwandani kutafuta nyufa ndani ya chuma.

Kipimo cha mkojo kikishathibitisha mimba, jeli hupakwa chini ya kitovu na probu, kile kifaa cha mkononi kinachotuma na kupokea mawimbi hayo, hupitishwa polepole, kibofu kikiwa kimejaa. Kinachotafutwa kwanza ni mji wa mimba. Ukionekana ndani yake mfuko wenye kifuko cha kiini, au mapigo ya moyo, shaka karibu yote huisha, kwa kuwa ni nadra sana mimba mbili kutunga kwa pamoja, moja ndani na nyingine nje. Hapa ndipo mwenye haraka hunaswa: mimba ya nje huweza kuufanya mji wa mimba ukusanye maji yanayofanana na mfuko. Mfuko wa kweli hujichimbia ukutani, upande mmoja, ukiwa na duara mbili nyeupe. Ule wa bandia hukaa katikati ya uwazi, tena hauna kitu.

Mji ukionekana mtupu, mama huenda kukojoa, kisha hutumika probu ya ukeni inayoona kwa karibu zaidi. Kando ya ovari huweza kuonekana pete nene nyeupe yenye weusi katikati. Lakini ovari iliyotoa yai nayo huwa na uvimbe unaofanana na huo. Mpimaji husukuma taratibu kwa probu, mkono wa pili ukibonyeza tumbo kutoka juu, na kutazama. Uvimbe ukisogea pamoja na ovari, ni wa ovari. Ukiteleza peke yake, huenda ni mimba ya mrijani. Ni msukumo mdogo sana, na hakuna kitufe kinachoufanya.

Inabaki damu. Ile mbichi huonekana nyeusi nyuma ya mji wa mimba, iliyoganda huwa ya kijivu yenye chengachenga. Probu hupandishwa pia chini ya mbavu za kulia, kati ya ini na figo. Damu ikiwa imefika huko, iliyomwagika ni nyingi.

Kwa mama wa Nyambureti, wilayani Serengeti, neno moja kwenye ripoti lina uzito mkubwa. Hospitali za wilaya ziko Mugumu, rufaa ya mkoa Musoma, na ya kanda ni Bugando, Mwanza. Mji wa mimba ukiwa mtupu na hakuna kingine kilichoonekana, ripoti sahihi husema “mimba haijaonekana ilipo”. Ikiandikwa “hakuna mimba”, mama hurudi nyumbani akiamini yameisha. Kanuni ni kurudia kipimo cha homoni ya mimba katika damu baada ya saa 48, pamoja na picha. Mpimaji anayejali huuliza pia mama atalala wapi siku hizo mbili, na kama maumivu yakizidi usiku usafiri utapatikana. Kumlaza karibu na chumba cha upasuaji mara nyingi ndilo jibu bora.

Aliyepauka, mapigo yakienda mbio na presha imeshuka, hangojewi picha nzuri. Damu hutafutwa kwa muda mfupi, probu ikawekwa chini, ndugu wakaitwa kuchangia damu huku mgonjwa akipelekwa kupasuliwa.

Mimba ndogo isiyopasuka huweza kutibiwa kwa dawa ya methotreksati, mradi mama anaweza kurudi kupimwa mpaka homoni iishe. Vinginevyo mrija huondolewa, na ule wa pili ukiwa mzima anaweza kushika mimba tena. Kwa takriban mmoja kati ya kumi tatizo hujirudia, kwa hiyo mimba inayofuata hupigwa picha mapema, wiki ya 6 au ya 7, hata kama mama hasikii maumivu yoyote.