Mwaka Unaoanza kwa Majigambo

Kila mwaka, baina ya Julai na Septemba, Dar es Salaam husherehekea jambo ambalo bado halijatokea. Ligi haijaanza. Hakuna bao lililofungwa wala kombe lililobebwa, na baadhi ya wachezaji wapya hata majina yao mashabiki hawajazoea kuyatamka. Hata hivyo watu humiminika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, mara mbili ndani ya majuma machache: siku moja wamevaa nyekundu na nyeupe, siku nyingine kijani na njano. Ya kwanza ni Simba Day, iliyoanza mwaka 2009 na kwa miaka mingi ikafanyika Agosti 8, sikukuu ya Nane Nane. Ya pili ni kilele cha Wiki ya Mwananchi, sherehe ya Yanga, iliyoanza mwaka 2019.

Kesho yake magazeti ya michezo hutuambia nani alishinda mechi ya kirafiki, mchezaji gani mpya aling'ara na msanii gani alipanda jukwaani. Ni habari za haki kabisa, na mimi huzinunua. Ila zinaishia pale ambapo mhakiki angeanzia. Tukiambiwa kwamba maelfu ya watu walikaa juani tangu asubuhi wakiimba, kuitikia, kujibizana na kutambiana kwa Kiswahili, tungetarajia mtu aulize swali dogo: je, onyesho lilikuwa zuri? Zuri kwa vigezo gani? Ninasoma shahada ya uzamili ya fasihi, na nilipotaja darasani kwamba sherehe hizi ni fasihi simulizi iliyo hai, mwenzangu mmoja alicheka akasema mpira ni mpira. Makala hii ni jibu langu kwake, na naliandika kwa sababu nadhani kuna kitu tutakipoteza tusipolijibu.

Tuanze na nasaba. Simba na Yanga hawakubuni desturi ya mji kugawanyika pande mbili na kushindana kwa mavazi, vyeo na nyimbo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pwani yetu ilikuwa na ngoma ya beni. Vijana waliiga bendi za kijeshi za wakoloni, wakavaa sare, wakajipa vyeo vya ujenerali na ufalme, wakapita mitaani kwa tarumbeta na ngoma kubwa. Huku kwetu pande mashuhuri ziliitwa Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu beni, kilichotoka mwaka 1975, na hoja yake inanisaidia hapa: watu hawakuwa wanaiga tu, walikuwa wanapima heshima. Upande uliopendeza na kutumia zaidi ndio ulioondoka kifua mbele. Zanzibar nako vikundi vya taarab vya akina mama, kimoja kikijiita Nuru el-Uyun na kingine Royal Air Force, vilishindana kwa mishono na kwa maneno ya mafumbo.

Yanga ilizaliwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, katika mji huohuo uliokuwa umezoea kugawanyika kwa raha. Kwa hiyo shabiki anayepita Msimbazi na matarumbeta asubuhi ya Simba Day, uso umepakwa rangi, si kioja kilicholetwa na televisheni. Babu yake wa beni angemtambua mara moja. Pengine angemuuliza tu cheo chake.

Sasa tuingie uwanjani. Onyesho lina sehemu tatu, na hazina ubora sawa. Sehemu ya kwanza ni muziki. Wasanii wa Bongo Fleva, singeli na wakati mwingine wageni kutoka nje hupanda kuwasha moto. Mwaka 2021 Yanga walimleta Koffi Olomide kutoka Kongo. Hapa ndipo nina malalamiko ya kihakiki. Mara nyingi msanii huimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa studio. Anashika kipaza sauti, anarukaruka, anamalizia maneno ya mwisho wa mstari, na kazi nzima inafanywa na mashine. Katika fasihi simulizi tunafundishwa kwamba fanani hubadilisha utendaji wake kulingana na hadhira iliyo mbele yake. Anayeimba juu ya rekodi hana nafasi hiyo. Hata hadhira ikimpa kiitikio kizuri kuliko cha studio, wimbo hauwezi kusimama umsubiri. Unaendelea na safari yake kama daladala iliyojaa.

Sehemu ya pili ndiyo moyo wa sherehe: utambulisho wa wachezaji. Kwa maelezo ni jambo dogo tu. Jina linatajwa, mtu anatoka, anapunga mkono. Lakini tazama linavyofanywa. Mtambulishaji hataji jina kwanza. Anaanza na sifa, anazipanga moja juu ya nyingine, anataja alikotoka na aliowatesa huko, anapunguza sauti, anaacha kimya. Uwanja unajua nani anakuja, ila unakubali kujifanya haujui. Kisha jina linaachiwa, na jina hilo halimaliziwi na mtambulishaji, linamaliziwa na watu. Hayo ni majigambo, utanzu tunaoufundisha shuleni kwa mifano ya mashujaa wa kale na mikuki yao, huku wanafunzi wakisinzia. Tofauti ni kwamba shujaa hapa hajitapi mwenyewe, ana msemaji.

Ndiyo maana nafasi ya msemaji wa klabu imekua kuwa ya kisanaa. Haji Manara alipotoka Simba mwaka 2021 na muda mfupi baadaye kuibukia Yanga, mji ulitikisika kama vile kahama mfungaji bora. Watu wa nje walishangaa: ofisa habari ana uzito gani? Lakini katika mji wa mashindano ya ngoma, malenga akihama kikundi anaondoka na ulimi uliowachapa wapinzani, na sasa ulimi huo utawageukia wa nyumbani. Ahmed Ally wa Simba na Ali Kamwe wa Yanga wamerithi jukwaa hilohilo. Ukiwasikiliza kwa sikio la fasihi utagundua kwamba tofauti yao kubwa haimo katika wanachosema. Wote husema timu yao ni bora. Tofauti imo katika mwendo: wapi mtu anavuta neno, wapi anaachia kicheko, wapi anajifanya ana huzuni ili aje apige dongo.

Sehemu ya tatu ni mechi ya kirafiki, na kimaigizo ndiyo dhaifu. Baada ya majigambo yote, hadithi inataka ushindi, lakini mgeni hakuja kuigiza. Mwaka 2021 Yanga walifungwa na Zanaco ya Zambia siku ya sherehe yao, na Simba wakafungwa na TP Mazembe siku ya sherehe yao wenyewe. Mwaka 2023 Simba waliifunga Power Dynamos, nayo ya Zambia, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Mtu anaweza kusema mechi hiyo ingeondolewa. Mimi nasema ibaki. Ni sehemu pekee ya siku ambayo haikuandikwa na mtu yeyote, na majigambo bila hatari ya kuumbuka ni maneno matupu. Sifa ina utamu kwa sababu dakika tisini zinaweza kuikana.

Hapa nafika kwenye wasiwasi wangu hasa. Linganisha sherehe hizi na Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, unaofanyika kila Julai. Huko pia mwaka mpya huanza kwa pambano. Wanaume huchapana kwa mikungu na magogo ya migomba, wanawake hupita wakiimba, kibanda huchomwa moto, na kwa maelezo ya wenyeji vinyongo vya mwaka uliopita huishia hapo. Kitu cha muhimu ni kwamba mpinzani yupo. Anapiga na anapigwa, anatukanwa na anajibu. Mkimaliza mnakula pamoja.

Simba Day na Wiki ya Mwananchi ni malumbano ambayo mpinzani hayupo uwanjani. Unamtambia mtu ambaye siku yake ni nyingine. Katika nafasi hiyo tupu, iliyokuwa ya mpinzani, ameingia mdhamini. Kati ya majigambo mawili husikika sasa jina la bidhaa. Jezi mpya huzinduliwa kwa tamthilia yake peke yake. Mwaka 2023 Simba waliipeleka ya kwao hadi kileleni mwa Kilimanjaro. Sina kinyongo na fedha hizo. Ndizo zilizosaidia Yanga kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba kufika fainali hiyohiyo mwaka 2025, na mtu anayekumbuka miaka ya klabu kukosa nauli hawezi kuzidharau. Watu wa beni nao walifilisika kwa ajili ya sare.

Tofauti ni hii: sare ya beni ilishonwa na wanachama ili kumjibu mtu wa mtaa wa pili. Tangazo halimjibu mtu. Tangazo halitaki kujibiwa, linataka kununuliwa. Majigambo yanapoanza kufanana na tangazo, kitu cha kwanza kufa ni ule utani wenye ncha, unaohitaji mtu wa upande wa pili asikie na aumie kidogo. Inabaki sifa laini, ya kumfaa kila mteja. Kaulimbiu kama "Nguvu Moja" na "Daima Mbele, Nyuma Mwiko" zilikuwa wito wa watu kuitana. Sasa zinaonekana vizuri zaidi zikichapishwa kuliko zikiitikiwa.

Je, basi sherehe imekufa? La. Nimeishi Dar vya kutosha kujua kwamba mpinzani aliyefungiwa nje ya uwanja anaingia kwa mlango mwingine. Yupo kwenye daladala ya kwenda Mbagala jioni ile, akiuliza kwa upole wa uongo kama kweli uwanja ulijaa au mlikaa kwa kuachiana nafasi. Yupo kwenye kijiwe cha kahawa, akihesabu vidole vitano bila kusema neno, na kila mtu anajua anazungumzia Novemba 5, 2023, Yanga walipoifunga Simba 5-1. Shabiki wa Simba naye hanyamazi. Anainua mkono uleule na kutaja Mei 2012, Simba 5, Yanga 0. Mzee wa pembeni, wa Yanga, anarudi nyuma hadi 1968, tano bila. Mwingine anamzima na 1977, sita bila. Hayo ni malumbano kamili, yenye kumbukumbu, vina vya tarakimu na kanuni zake, na yanatungwa bure na watu wasio na kipaza sauti.

Kwa hiyo nikiulizwa sherehe bora ni ya nani, ya Simba au ya Yanga, nitajibu kwa vigezo vyangu. Bora ni ile ambayo mwaka huo ilimpa shabiki nafasi kubwa zaidi ya kumalizia sentensi. Pima kimya ambacho mtambulishaji aliacha kabla ya jina. Sikiliza kama msanii aliimba kwa koo lake au kwa mashine. Hesabu madongo yaliyorudiwa mtaani wiki nzima, kwa kuwa dongo lisiloondoka uwanjani halikuwa zuri. Angalia pia kama kulikuwa na tarumbeta za watu waliokuja wenyewe, bila kualikwa na kamati.

Vigezo hivyo vinaweza kubishaniwa, na nitafurahi vikibishaniwa. Bila vigezo, kumbukumbu ya siku hizi itabaki kwenye video za wadhamini, ambamo kila mwaka ni wa kihistoria na kila sherehe ni kubwa kuliko zote. Wajukuu wetu watazitazama na kuona rangi nyingi na moshi mwingi, wasijue nani alisema nini na jibu lilikuwa lipi. Beni ilibahatika kupata wa kuiandika, ingawa wengi walioiandika hawakuicheza. Sisi tuliokaa juani tangu asubuhi tuna nafasi ya kuandika wenyewe, mwaka baada ya mwaka, tukiwa bado tunakumbuka nani alimaliza jina na nani alimaliziwa.