Sauti Iliyovuja

Katika chumba cha nyuma cha nyumba ya dada yangu, hapa Tunduma, mpwa wangu ametundika mablanketi mawili ukutani na chumba hicho anakiita studio. Sikumcheka. Katika miaka ya 1990 kijana wa huku mpakani aliyetaka kurekodi wimbo wake vizuri alilazimika kufikiria safari ya Dar es Salaam, kwenye studio binafsi kama MJ Productions au Bongo Records. Leo kompyuta moja, maiki moja na kisanduku cha kuviunganisha vinatosha kuanzia. Kinachobaki ni hedifoni, na hicho ndicho kifaa ambacho wengi wetu hukinunua mwisho, kwa chenji iliyosalia. Sisi nasi tulifanya hivyo, na insha hii ni hesabu ya kosa letu.

Tulinunua sokoni hedifoni kubwa yenye kung'aa. Ilipiga besi mpaka taya zikatetemeka, tukafurahi sana. Jioni moja tukamkalisha mama yangu mbele ya maiki aimbe nyimbo za Kinyamwanga alizozoea kuimba akisaga ulezi. Mpwa wangu alimwekea masikioni mdundo wa kuhesabia mapigo, tik, tik, tik, ili baadaye aweze kuongeza ala. Mama hakuvua kilemba. Hedifoni ikakaa juu ya kitambaa. Aliimba nyimbo tatu, akanywa chai, akaenda kulala.

Kesho yake mpwa wangu aliniita. "Mjomba, njoo usikilize. Kuna nyenje humu ndani."

Haikuwa nyenje. Ulikuwa ule mdundo wa kuhesabia. Ulivuja kwenye hedifoni, ukaingia kwenye maiki, ukaganda juu ya sauti ya mama, na ulisikika zaidi pale alipoishusha sauti, yaani pale palipokuwa patamu kuliko pote. Tukasema tutarudia baada ya mavuno. Mama alifariki kabla ya mavuno. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu siku hiyo sizipimi tena hedifoni kwa mtetemo wa taya. Msomaji ajue kwanza kwamba ziko za aina mbili kubwa. Zilizo wazi nyuma zina matundu yanayopitisha hewa na sauti. Husikika kwa upana na kwa uasilia, na mafundi wengi wa kuchanganya sauti huzipenda. Lakini anachokisikia mwimbaji, maiki nayo inakisikia. Zilizofungwa nyuma zina kikombe kizima kinachozunguka sikio, sauti ikabaki ndani. Yetu ilikuwa na matundu nyuma, nasi hatukujua maana yake. Kilemba nacho kikaacha mwanya pembeni. Hata iliyofungwa huvuja ikikaa juu ya kitambaa, nywele nyingi au miguu ya miwani.

Kwa mji wetu iko sababu ya pili. Hapa malori ya kwenda Nakonde na mbele zaidi, hadi Kongo, hunguruma usiku na mchana. Hedifoni iliyofungwa humpunguzia msikilizaji ngurumo hizo. Haimsaidii mwenye maiki, kwa kuwa maiki haijavaa kitu; yeye hana budi kusubiri lori lipite.

Hukumu yangu basi ni hii: mwenye fedha ya aina moja tu anunue iliyofungwa, ijapokuwa katika kuchanganya sauti ni dhaifu kuliko ile ya wazi. Kuchanganya kunaweza kurudiwa kesho na keshokutwa. Sauti ya mtu iliyorekodiwa vibaya huenda isirudiwe kamwe.

Ipi sasa? Sony MDR-7506 imekuwapo tangu mwaka 1991. Sauti zake nyembamba ni kali, na ukali huo ndio faida yake: mluzi wa herufi "s" na mkwaruzo wa waya havijifichi. Sennheiser HD 280 Pro hubana kichwa sana. Kwa kubana huko huzuia kelele vizuri, ila mzee hataivumilia saa nzima. Beyerdynamic DT 770 Pro ina mito laini na inafaa kwa kazi ndefu, lakini hutolewa kwa ukinzani wa omu 32, 80 na 250. Hiyo ya 250, ikichomekwa kwenye simu au kisanduku dhaifu, itanong'ona tu. Audio-Technica ATH-M20x ni ya bei ya chini kuliko hizo zote. Waya wake hauchomoki, hivyo ukikatika ndani utamtafuta fundi mwenye risasi ya kulehemu. Kwenye ATH-M40x, yenye bei ya juu zaidi, waya huchomoka na kubadilishwa.

Mimi ningechagua M20x mbili kuliko moja ya fahari, maana katika kurekodi masikio ni ya watu wawili, mwimbaji na fundi. Zisizo na waya ziachwe kwa wasafiri: sauti yake huchelewa kidogo, na mwimbaji hubaki nyuma ya mdundo.

Tahadhari na maandishi ya kwenye kasha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Utasoma hezi 5 hadi 35,000, hali sikio la binadamu husikia takriban 20 hadi 20,000, na la mzee kama mimi halifiki huko. Besi ya kupambwa ni hasara ya aina yake: fundi anayesikia besi nyingi ataipunguza kwenye wimbo, na wimbo ukipigwa kwenye redio ya basi utasikika kama debe tupu. Tena, hedifoni humpa kila sikio upande wake tu, wakati spika huyafikia masikio yote mawili. Kwa hiyo miksi ya hedifoni ipimwe nje: kwenye simu, redio ndogo ya jikoni, na spika za kanisani kama mchungaji ataruhusu.

Dukani nenda na wimbo unaoujua kwa moyo. Usiulize kama unasikika vizuri. Uliza kama unasikika jinsi unavyoujua. Kisha mvalishe mwenzako, ongeza sauti kiasi cha kuimbia, usogeze sikio lako pale maiki itakapokaa. Ukiusikia mdundo, rudisha.

Mpwa wangu alihangaika miezi kuifuta ile tik kwenye nyimbo mbili za mwanzo. Kila alipoipunguza, sauti ya bibi yake nayo ilipungua, mwishowe akaacha. Wimbo wa tatu ni mzima. Kabla ya kuuanza mama aliivua hedifoni mwenyewe, akasema inamchanganya, na kijana akauzima mdundo. Huo ndio tunaousikiliza.