Hukumu Kabla ya Mwisho: Mijadala ya Mashabiki wa Televisheni na Kufifia kwa Uhakiki wa Sehemu kwa Sehemu Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kufifia kwa uhakiki wa tamthilia za televisheni ulioandikwa sehemu kwa sehemu katika tovuti za Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Yanadai kwamba kilichopungua si hamu ya mashabiki ya kubishana, bali utaratibu wa kuandika hukumu hadharani kabla mwisho wa hadithi haujajulikana, na kuihifadhi mahali inapoweza kurejewa na kupingwa. Yanahitimisha kwa kuonyesha funzo la hali hiyo kwa tamthilia za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Hadithi inayotolewa kwa vipande huwa na wasomaji wa aina mbili: anayeifuata ikiwa bado inaendelea na anayeikuta imekwisha. Wolfgang Iser, alipozijadili riwaya za Charles Dickens zilizochapishwa kwa mfululizo, alionyesha kwamba mkatizo baina ya sehemu na sehemu humlazimisha msomaji kuwa mshiriki: hukisia, huunganisha, hushuku. Tamthilia ya kila wiki ilirithi mkatizo huo. Baina ya sehemu moja na inayofuata, mtazamaji alikuwa na wiki nzima ya kutafakari, na kwa takriban miongo miwili intaneti ilimpa pia mahali pa kuyaandika aliyoyafikiri.

2.0 Kuibuka kwa Utanzu

Chimbuko la uandishi huu liko katika mabishano ya mashabiki wenyewe. Twin Peaks ilipoanza kuonyeshwa mwaka 1990, watazamaji wake walirekodi kila sehemu, wakairudia na kujadiliana kwa maandishi kupitia kompyuta. Henry Jenkins aliichunguza jamii hiyo na kuwaona mashabiki kama wafasiri makini. Katika miaka ya 1990, Alan Sepinwall, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, alihakiki NYPD Blue kwa njia hiyo hiyo kabla ya kuwa mhakiki wa magazeti. Tovuti iliyokuja kujulikana kama Television Without Pity ilianza mwaka 1998 kwa kuifuatilia tamthilia moja tu, Dawson's Creek. Mwaka 2007 The A.V. Club nayo ilianzisha safu maalumu ya tahakiki za aina hii.

Hivyo utanzu ukapata umbo lake: muhtasari wa sehemu, tathmini, alama, kisha majibu ya wasomaji ambayo mara nyingi yalizidi tahakiki yenyewe kwa urefu na wakati mwingine kwa ubora. Ulizalisha pia msamiati. Sehemu inayofungiwa mahali pamoja na wahusika wachache ili kubana gharama ilikuwa na jina katika lugha ya watayarishaji. Wahakiki na mashabiki walilifanya jina hilo kuwa istilahi ya kila mtazamaji makini.

3.0 Usiku Mmoja, Hukumu Mbili

Tarehe 23 Mei 2010 inatoa mfano mzuri. Usiku huo ABC ilionyesha sehemu ya mwisho ya Lost, na AMC ikaonyesha sehemu ya Breaking Bad iitwayo "Fly". Katika "Fly" karibu hakuna kinachotokea. Walter White na Jesse wamo ndani ya maabara wakimwinda nzi. Vince Gilligan, mbunifu wa tamthilia hiyo, amekiri kwamba ufinyu wa bajeti ulichangia sehemu hiyo kuwa hivyo. Kuna watazamaji walioiona kuwa ni kupoteza muda. Wengine waliiona kuwa kiini cha tamthilia nzima, kwa kuwa humo ndimo Walter anapokaribia kukiri alivyohusika na kifo cha Jane, kisha anajizuia.

Anayeitazama "Fly" leo, sehemu inayofuata ikijianzisha yenyewe baada ya sekunde chache, hana sababu ya kuamua ni upande gani ulio sahihi. Mtazamaji wa mwaka 2010 alilazimika kukaa na nzi huyo wiki nzima. Mkatizo huo ndio uliofanya swali la kihakiki liulizwe: je, sehemu isiyosogeza msuko inaweza kuwa nguzo ya msuko? Kwa upande mwingine, hasira ya baadhi ya mashabiki kuhusu mwisho wa Lost haieleweki bila kusoma makisio waliyoyajenga wiki baada ya wiki kwa miaka sita. Tahakiki za sehemu kwa sehemu ndizo ushahidi wa matarajio hayo. Zikipotea, historia itaikumbuka hasira na kusahau hoja zilizoizaa.

4.0 Sababu za Kufifia

Sababu inayotajwa mara kwa mara ni mabadiliko ya utoaji. Tarehe 1 Februari 2013 Netflix ilitoa sehemu zote 13 za msimu wa kwanza wa House of Cards kwa siku moja, na wiki ya tafakuri ikafutika. Maelezo haya ni ya kweli lakini hayatoshi. The Mandalorian, iliyoanza Novemba 2019, ilitolewa kwa mpangilio wa kila wiki, na mashabiki wakabishana kama zamani. Hata hivyo, utanzu wa tahakiki haukurejea katika nguvu yake. Sababu ya pili ni wingi. Kwa hesabu ya kituo cha FX, tamthilia na vichekesho vilivyoandikiwa hati nchini Marekani vilikuwa 599 mwaka 2022. Hadhira iliyogawanyika kiasi hicho ni vigumu kukutana juu ya matini moja.

Sababu ya tatu, ambayo haijapewa uzito unaostahili, ni umiliki. Television Without Pity ilinunuliwa mwaka 2007 na Bravo, kituo cha NBCUniversal, ikafungwa mwaka 2014. IMDb, mali ya Amazon, ilifunga mabaraza yake ya mjadala Februari 2017 baada ya ilani ya takriban wiki mbili. Netflix iliondoa nyota na kuweka kidole gumba mwaka 2017, kisha mwaka 2018 ikafuta tahakiki zilizoandikwa na watazamaji wake. Wamiliki wote watatu hutengeneza au huuza tamthilia. Si lazima kudai kwamba walikusudia kuua uhakiki. IMDb ilikuwa na hoja iliposema kwamba mabaraza yake hayakuwa tena na manufaa kwa watumiaji wengi, na matusi hayakukosekana humo. Lakini kuukabidhi uhakiki kwa anayehakikiwa ni sawa na kumpelekea ngedere kesi ya nyani.

5.0 Pingamizi

David Simon, mbunifu wa The Wire, alilalamika mwaka 2012 kwamba wanaoandika kila wiki, wanaosifu na wanaoponda, hawajui jengo linalojengwa ni la namna gani. Hoja hiyo ina nguvu: tahakiki nyingi zilikosea, nyingine zilikuwa muhtasari mtupu. Hata hivyo, kosa lililoandikwa lina thamani. Linaonyesha mahali matini ilipompotosha msomaji kwa makusudi, na mahali ilipomwangusha. Mhakiki anayesubiri mwisho hupata ukamilifu, lakini hupoteza kumbukumbu ya mashaka yake mwenyewe.

6.0 Hitimisho: Funzo kwa Kiswahili

Tamthilia za Kiswahili kama Siri ya Mtungi ya Tanzania na Maria, iliyoanza kuonyeshwa na Citizen TV ya Kenya mwaka 2019, hujadiliwa kwa ari vijiweni, saluni na katika makundi ya WhatsApp. Mijadala hiyo ni uhakiki, ila haiandikwi mahali pa kudumu. Hata istilahi ya msingi haijatulia: kitu kimoja huitwa "sehemu", "kipindi" au "episodi".

Hivyo basi, idara za Kiswahili zinaweza kuwapa wanafunzi jukumu la kuhakiki tamthilia ikiwa bado inaendelea. Maktaba za taifa na za vyuo vikuu zinaweza kuhifadhi tahakiki hizo pamoja na tamthilia zenyewe. Na vyombo vya kusanifu lugha vinaweza kuchota istilahi kutoka humo. Funzo la Marekani ni kwamba wingi wa maneno ya mashabiki si dhamana ya kudumu kwake. Kinachodumu ni kile kilichowekwa mikononi mwa asiye na sababu ya kukifuta.