‘Uingizaji mdogo’: Tafsiri inayoweza kumwangusha mwendesha baiskeli

LEO sihakiki riwaya wala diwani. Nahakiki karatasi ya maelezo, ndogo kama kiganja, iliyotoka ndani ya boksi la kipuri cha baiskeli. Msomaji asinicheke. Katika maandishi yote ya Kiswahili niliyoyasoma mwaka huu, hayo ndiyo yaliyokaribia kunivunja shingo.

Nina baiskeli ya kale niliyoanza kuiendesha nikiwa mhadhiri kijana. Siku hizi mgongo hauniruhusu kuinama kama zamani, kwa hivyo nilitaka usukani uinuliwe na kusogezwe karibu nami. Nikaipeleka kwa fundi mmoja katika kata ya Wabera, mjini Isiolo, pamoja na vipuri viwili nilivyokuwa nimevinunua Nairobi.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Katika baiskeli za kale, uma, yaani ile panda inayoshika gurudumu la mbele, una bomba lililochongwa hesi upande wa juu, na nati hufungwa hapo. Shingo ya usukani huingia ndani ya bomba hilo. Bolti ndefu huivuta kabari kwenda juu mpaka ikabana ukuta wa bomba, na shingo ikatulia. Katika baiskeli nyingi za kuanzia miaka ya 1990, bomba halina hesi. Shingo hulikumbatia kwa nje, kisha hukazwa kwa bolti za ubavuni.

Basi shingo ya kisasa haikai kwenye uma wa kale bila kiungo cha katikati. Kiungo hicho ni kipande cha bomba. Aghalabu upande wa chini huwa na kipenyo cha milimita 22.2 ili kiingie ndani ya uma wa kale, na upande wa juu milimita 28.6 ili shingo mpya ikikumbatie. Ndicho nilichokuwa nacho mkononi.

Karatasi yake ilisema hivi: “Weka shina la kisasa kwa uma wenye uzi. Zingatia uingizaji mdogo. Inafaa baiskeli zote za kale.”

Fundi aliisoma mara mbili, akanitazama. “Prof, hii karatasi ni ya shamba, ya jikoni ama ya fundi wa nguo?”

Alikuwa ameshahakiki kabla yangu. Neno la Kiingereza lililokusudiwa lina maana ya shina la mmea na pia ya shingo ya usukani. Mfasiri, awe mtu au mashine, alichukua maana ya kwanza aliyokutana nayo akaenda zake. Hali kadhalika ‘uzi’. Sikatai kwamba neno laweza kupanuka. Kiswahili kina mguu wa meza, meno ya msumeno na shingo ya chupa, wala hakuna anayetafuta damu humo. Hata ‘uma’ wa baiskeli haunikeri, kwa sababu umbo lenyewe linajieleza. Lakini ‘uzi’ likiachwa peke yake, bila parafujo wala nati karibu yake, msomaji atawazia sindano. Na neno ‘hesi’ lipo.

Hadi hapo ni kichekesho tu. Sentensi ya pili ndiyo iliyonitoa jasho.

Fundi aliitwa na mteja mwingine, akamwachia kazi mwanagenzi wake, kijana wa sekondari anayejua kusoma vizuri. Kijana akafuata karatasi. Akakiingiza kiungo ndani ya uma kwa upana wa vidole viwili tu, akakaza. Nilipomuuliza mbona kimechomoza hivyo, alinijibu kwa adabu: “Si imesema uingizaji mdogo, Mwalimu? Nimeingiza kidogo.”

Kijana hakukosea. Hivyo ndivyo Kiswahili kinavyosema. Kingereza kilichokuwa nyuma ya maneno hayo kilikusudia kinyume kabisa: kwamba kuna kina ambacho ni lazima kifikiwe, na kupungua hapo ni hatari. Kwenye chuma chenyewe palikuwa na mstari uliochongwa. Mstari huo sharti ufichike ndani ya bomba. Ukionekana nje, kabari inabana karibu na sehemu ya hesi, ambapo ukuta wa bomba umepunguzwa unene kwa kuchongwa, na bomba laweza kupasuka. Au kiungo kikachomoka, ukabaki na usukani mikononi huku gurudumu likienda linakotaka.

Fundi aliporudi hakusoma chochote. Alibana gurudumu la mbele kwa magoti, akautikisa usukani mara moja, ukatoka. “Hii ingekumaliza kwa mteremko,” akasema.

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa dole kuliko ulimi. Hapa aliyejikwaa ulimi yuko ofisini mbali, na atakayevunjika meno yuko barabarani Isiolo.

Sentensi ya tatu ina kosa la aina nyingine, la ukweli. Fundi alinionyesha Black Mamba iliyokuwa imeegemezwa ukutani. Usukani na shingo vilikuwa kitu kimoja kilichounganishwa kiwandani, na breki zake ni za vyuma virefu vinavyoshuka kutoka kwenye usukani huo huo. “Ukitoa hii, umetoa breki,” akaniambia. Kuzibadilisha ziwe za waya si jambo la spana moja, kwa kuwa rimu nyingi za aina hiyo hushikwa na breki kwa upande wa ndani, si ubavuni. Neno ‘zote’ halikustahili kuwa pale.

Wenzangu watasema kwamba karatasi za maboksi hazistahili muda wa mhakiki. Mimi naona kinyume. Isiolo ni mji wa Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kiturkana na Kisamburu. Lugha ya kwanza ya fundi wangu ni Kimeru, ya mwanagenzi wake ni Kiborana, na Kiswahili ndicho wanachofanyia kazi. Maelezo ya Kiswahili kwao si pambo. Kijana aliyaamini kuliko chuma alichokishika, kwa sababu yalikuwa katika lugha anayoielewa.

Nisimsifu fundi kupita kiasi, maana naye ana pengo lake. Kabari aliiita “ile kitu ya ndani,” na mwanagenzi hawezi kujua ni ipi kati ya vitu vitatu vya ndani. Nilipomtajia jina, alicheka. Alilijua tangu utotoni, la kupasulia magogo, ila hakuwahi kulileta kwenye baiskeli. Naye ndiye aliyenipa ‘shingo’. Mimi ningekuja na istilahi ndefu ya kamati, isiyofika popote.

Kiswahili kimefanya kazi hii tangu zamani. Usukani ulikuwa wa jahazi, ukaja kwenye gari, ukaja kwenye baiskeli. Parafujo tuliipokea kutoka kwa Wareno. Maneno hayo yalidumu kwa kuwa watu waliyashika mkononi wakiwa na chombo mbele yao. Mfasiri wa karatasi yangu hakuwa na chombo, alikuwa na orodha ya maneno tu.

Kwa hivyo nawaomba walimu wa tafsiri vyuoni waingize karatasi za aina hii darasani, na mwanafunzi aende kwa fundi kabla ya kufungua kamusi. Kuuliza si ujinga. Sentensi yenyewe ingeandikwa hivi: “Ingiza kiungo mpaka mstari huu ufichike kabisa ndani ya bomba. Ukiuona, hujaingiza vya kutosha.” Ni ndefu kidogo, lakini hakuna wa kuielewa vibaya.

Wewe msomaji mwenye baiskeli ya kale iliyowekwa shingo mpya, itazame leo kabla ya kutoka. Mstari ukionekana, usipande.